Haki ya Kurekebisha

Mtu aliyeachiwa kitu na marehemu hupokea mali na swali kwa pamoja. Mali huiona siku ile ile. Swali huchelewa kufika. Aliyeachiwa shamba itafika siku atakapolazimika kuamua kama aing'oe mikorosho iliyozeeka au aendelee kuokota korosho chache mwaka hadi mwaka. Aliyeachiwa nyumba, paa litaanza kuvuja, naye atajiuliza kama aezeke upya au azibe matundu yale yale aliyokuwa akiyaziba baba yake. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyepokea kitu kutoka kwa mwenzake ambaye hawezi tena kuulizwa, ana haki gani ya kukibadilisha? Na akishakibadilisha, je, bado anacho kile alichoachiwa?

Wengi wetu hulijibu swali hili kwa vitendo, bila kulitamka. Mimi nimelazimika kulitamka kwa sababu ya kitu ambacho baadhi ya wasomaji watakiona cha kitoto: reli ya mfano, yenye njia zake, stesheni yake na injini yake ya mvuke inayoenea kiganjani. Nawaomba wasiidharau. Jambo dogo lina faida hii, kwamba unaweza kuliweka juu ya meza na kulizunguka pande zote nne. Shamba na nyumba havizungukiki hivyo, maana humo ndani mna ndugu, wadai na mahakama.

Baba yangu mdogo alikuwa fundi katika karakana ya reli mjini Nairobi, akikaa Makongeni pamoja na wafanyakazi wenzake. Mwaka 1963 mkuu wake wa kazi, Mwingereza aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao, alimwachia sanduku. Ndani mlikuwa na reli ya mfano ya Hornby Dublo, aina iliyoanza kutengenezwa na kampuni ya Meccano huko Liverpool mwaka 1938. Mlikuwa na vipande vya njia vilivyokaa juu ya bati, mabehewa manane, na injini moja. Injini hiyo ni ya mvuke kwa sura tu. Kinachoizungusha ni mota ndogo ya umeme wa volti 12. Ni mfano wa injini za N2, zilizoanza kuundwa mwaka 1920 na kuvuta treni za abiria kati ya stesheni ya King's Cross na vitongoji vya kaskazini mwa London. Ina magurudumu sita ya kuendesha, mengine mawili nyuma, na matangi ya maji ubavuni.

Baba mdogo hakuiacha ilivyo. Alitafuta ubao wa plaiwudi wa futi nane kwa nne, akaipanga njia juu yake na kujenga stesheni kwa mbao za masanduku ya chai. Kisha akaichukua ile injini ya London, akaipaka kwa burashi rangi ya damu ya mzee, ambayo ndiyo iliyokuwa rangi ya injini za Reli ya Afrika Mashariki, na ubavuni akaandika kwa mkono wake herufi E.A.R. Ukiitazama kwa karibu utaona nywele mbili za burashi zimegandia ndani ya rangi. Chini ya ubao kila waya aliufunga kikaratasi chenye maelezo kwa penseli: “Stesheni, njia ya 1.” “Pointi ya bohari.” “Usiguse.”

Alipofariki reli hiyo ilinifikia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikikaa naye mezani pale tangu utotoni. Lakini ilinifikia ikiwa imechoka. Mpira wa nyaya ulikuwa unavunjika kama mkate mkavu. Bati la njia lilikuwa limeshika kutu, na kila penye kutu treni ilisita au ikakataa kabisa. Sumaku ya mota ilikuwa imepungua nguvu, hata injini iliyokuwa ikivuta mabehewa manane ikawa inatweta kwa matatu. Kuitengeneza kulikuwa lazima. Jinsi ya kuitengeneza ndipo penye mgogoro.

Inafaa nieleze kidogo jinsi mfumo wa zamani unavyofanya kazi, maana hoja yote imekaa hapo. Njia ya Dublo ya wakati ule ina reli tatu. Ile ya katikati huleta umeme, na kijiti cha chuma chini ya injini huisugua na kuupokea; umeme hurudi kupitia reli mbili za pembeni. Kwa hiyo magurudumu yote ni chuma kitupu, na mwili wa injini wenyewe ni sehemu ya njia ya umeme. Mfumo wa reli mbili hauwezi kukubali jambo hilo. Humo umeme huingia kwa reli moja na kutoka kwa nyingine, na ukiweka juu yake ekseli ya chuma kitupu, pande mbili hukutana na papo hapo ni shoti. Anayetaka kuihamisha injini kama yangu kutoka reli tatu hadi mbili hana budi kubadilisha magurudumu, aondoe kile kijiti, na afunge vipokea umeme vipya. Akitaka zaidi kuiendesha kwa mfumo wa dijitali, ambao huiwezesha kila injini kupokea amri zake peke yake hata zikiwa mbili katika njia moja, lazima aitenge na mwili ile burashi ya mota iliyokuwa imeungwa nao, kisha apachike chipu ndani. Mabehewa nayo yanataka magurudumu mapya. Na kwa kuwa ile sumaku imezeeka, mafundi wengi huitoa na kuweka ndogo ya kisasa yenye nguvu zaidi.

Sasa hesabu: njia mpya, nyaya mpya, magurudumu mapya, sumaku mpya, chipu mpya. Nilipomweleza mpango huo dada yangu, binti wa marehemu, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, “Kaka, ukishamaliza, kitabaki nini cha baba?”

Upande wa pili alisimama mwanangu, ambaye ana umri wa kuoa. Yeye alisema kwa adabu lakini bila kusitasita: “Baba, treni isiyotembea ni pambo tu. Babu hakuunda pambo.”

Kila mmoja wao alikuwa na haki yake, na ndiyo maana sikulala vizuri kwa siku kadhaa. Maneno ya dada yangu yanasimama juu ya imani kwamba kumbukumbu hukaa ndani ya kitu kile kile kilichoguswa. Gurudumu hili limeshikwa na vidole vyake. Lile la dukani halijui chochote. Maneno ya mwanangu yanasimama juu ya imani nyingine, kwamba kitu ni kazi yake. Aliyeunda treni alikusudia mwendo, na anayeuzuia mwendo kwa jina la heshima anamheshimu marehemu kwa kumnyima alichokitaka.

Wahenga wa pwani yetu wangeshangaa kuona tunaumia vichwa hivyo. Jahazi hupandishwa pwani, likakwanguliwa, likazibwa upya kwa kalafati, ubao uliooza ukang'olewa na mwingine ukapigiliwa mahali pake. Baada ya miaka mingi huenda hakuna mbao nyingi za awali zilizobaki, na hakuna nahodha anayesema kwamba jahazi lake limekuwa jingine. Wagiriki wa kale walibishana juu ya jambo hili hili. Plutarko ameandika kwamba Waathene waliihifadhi merikebu ya shujaa Theseus kwa kubadilisha mbao zake, nao wanafalsafa wakagawanyika. Nadhani nahodha wetu ana jibu ambalo wanafalsafa hawakulitilia maanani: jahazi hubaki lile lile kwa sababu linabadilishwa na watu wanaolitumia, kidogo kidogo, kila mara likirudi kazini. Kinacholishikilia ni mfululizo wa kazi na wa watu.

Hata injini kubwa alizozifanyia kazi baba mdogo hazikuwa vitu vya kukaa bila kubadilika. Fikiria zile za daraja la 59, ambazo wazee wa reli wakizitaja hushusha sauti kama wanaomtaja chifu. Zilikuwa 34, zikaundwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252, na kila moja ikapewa jina la mlima. Hakuna injini ya mvuke ya njia ya mita moja iliyokuwa na nguvu kuzishinda. Zilipokuwa kazini, dohani zao zilibadilishwa, wakawekewa zile zilizobapa, zilizobuniwa na mhandisi wa Austria, Adolph Giesl-Gieslingen. Hakuna aliyelia kwamba mlima umeibwa. Tena kuna jambo jingine ninalolipenda zaidi. Waliozibuni walizipa umbo ambalo lingewezesha magurudumu yake kuhamishiwa kwenye njia pana zaidi, ya futi tatu na inchi sita, endapo siku moja reli yetu ingeunganishwa na ile ya kusini. Siku hiyo haikuzifikia. Injini mbili zilizosalia, Mount Gelai na Mount Shengena, zimo Nairobi, ingawa milima yenyewe iko Tanzania, nazo bado zimebeba ndani yao nafasi ya badiliko ambalo halikufanyika. Mbunifu mwema, nadhani, hujua kwamba atakayekuja baadaye atakuwa na haja asizozijua yeye, akamwachia nafasi.

Kuna njia ya tatu, na marafiki wawili walinishauri niifuate: acha ya zamani kama ilivyo, ununue mpya uweke kando. Ndivyo serikali zetu zilivyofanya kwa reli kubwa. Kenya ilipotaka reli ya kisasa haikuipanua ile ya mita moja. Ilijenga nyingine yenye upana wa milimita 1,435, na treni za abiria zikaanza kwenda kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Tanzania nayo ikafanya vivyo hivyo, na mwaka 2024 treni zake za umeme zikaanza kutoka Dar es Salaam. Kwa nchi, busara yake inaeleweka, kwani biashara haiwezi kusimama miaka mitano ikingoja njia ing'olewe. Lakini kwa kitu cha urithi njia hii ina hila ndani yake. Inatuwezesha kusema tumehifadhi, kumbe tumeacha tu. Injini iliyowekwa kabatini haiharibiwi na mtu; huharibiwa na kutu, na kutu haina wa kulaumiwa. Sikutaka usafi wa mikono wa namna hiyo.

Basi nilirudi kwenye swali la dada yangu, na nikagundua kwamba linahitaji kuulizwa kwa undani zaidi. Kitabaki nini cha baba? Hebu tutazame ni nini hasa kilikuwa cha baba. Magurudumu hayakuwa yake, yalitoka Liverpool. Sumaku haikuwa yake wala bati halikuwa lake. Vilivyokuwa vyake ni vitu vinne: mpangilio wa njia, ile stesheni, vikaratasi vya penseli, na rangi. Vitu hivyo vinne havisaidii treni kutembea hata kidogo. Vile vinavyoifanya itembee karibu vyote viliundwa na mikono ya watu tusiowajua.

Hapo nikaona kwamba katika kila kitu cha urithi kuna sehemu za kazi na sehemu za ushahidi. Sehemu za kazi zipo ili zichakae. Ndiyo heshima yake. Sehemu za ushahidi hutuambia kwamba mtu fulani alipita hapa na kutaka jambo fulani. Anayebadilisha za kwanza anaendeleza. Anayefuta za pili anamfanya marehemu awe kama hakuwapo, hata kama kitu kinang'aa.

Mtu anaweza kunipinga kwamba rangi yenyewe ni uongo. Ni kweli. Injini ya N2 haikupata kukanyaga ardhi ya Afrika Mashariki. Tena uongo haukuanzia kwa baba mdogo. Reli za Dublo zina upana wa milimita 16.5 wakati injini zimepimwa kwa kipimo cha moja kwa sabini na sita; kwa kipimo hicho upana wa njia ya Uingereza ungepaswa kuwa milimita 18.83. Ukiikuza njia yangu iwe na ukubwa wa kweli utapata milimita 1,257: ni nyembamba mno kwa London, na pana mno kwa Voi. Injini yangu haina nchi duniani inayoweza kupita. Wenye kukusanya vitu hivi Ulaya wangenishauri niikwangue rangi ya baba mdogo na kurudisha ya kiwandani, kwani ndivyo bei yake inavyopanda.

Lakini kuna uongo unaoficha na kuna uongo unaosema. Rangi ile haimdanganyi mtu yeyote anayejua injini. Inasema waziwazi kwamba fundi mmoja wa Makongeni, katika mwaka ambao nchi ilikuwa ikibadilisha bendera, alipewa treni ya watu wengine akaifanya ya kwao. Kuikwangua ili kuurudisha ukweli wa kiwandani kungekuwa kufuta ukweli mkubwa zaidi kwa ajili ya mdogo.

Hoja hiyo ilinifariji mpaka mwanangu alipoigeuza dhidi yangu. Yeye alitaka injini itoe sauti. Siku hizi chipu huweza kubeba sauti za injini halisi zilizorekodiwa, ikahema ikipanda na kupiga honi ikikaribia stesheni. Nilimwambia kwamba hiyo itakuwa sauti ya injini nyingine iliyotiwa katika kinywa cha hii. Akanijibu, “Na rangi ya babu je? Naye alitia kitu cha mahali pengine. Ikiwa alama yake inastahili kuheshimiwa kwa kuwa ni yake, yangu itaanza kustahili lini? Nikishafariki?”

Sijapata jibu kamili la swali hilo, na sidhani lipo. Kila alama tunayoiheshimu leo ilikuwa ujeuri siku ilipowekwa. Baba mdogo hakuomba ruhusa ya yule Mwingereza kabla ya kuchovya burashi. Tukisema kwamba walio hai hawaruhusiwi kuongeza neno, tumewapa wafu haki waliyoitumia wenyewe kisha tukaifunga nyuma yao. Hata hivyo, kuna tofauti moja ambayo siwezi kuipuuza. Rangi iliwekwa juu ya chuma, na chini yake kiwanda bado kipo. Sauti inahitaji spika, na mwili wa injini ile ni chuma cha kumimina, kinene, usio na nafasi. Ili spika ienee ingebidi kukereza tumbo lake kwa ndani. Kilichokerezwa hakirudi. Nikampa shauri kwamba spika iwekwe chini ya ubao, karibu na stesheni. Akacheka, akasema treni itakuwa kama waziri anayesemewa na msaidizi wake. Lakini hakukataa.

Hivi ndivyo nilivyofanya mwishowe. Njia ni mpya, ya reli mbili, nayo imefuata mstari ule ule aliouchora baba mdogo kwa penseli juu ya plaiwudi, pamoja na ile kona kali isiyo ya lazima karibu na bohari. Nyaya zote ni mpya, na kila mmoja umefungwa kikaratasi chake cha zamani, hata kile cha “Usiguse,” ingawa sijui kilikuwa kikilinda nini. Injini ina magurudumu mapya, sumaku mpya na chipu, na kila badiliko ni la kufungwa kwa skrubu, bila kukata wala kukereza, ili fundi mwenye bisibisi aweze kuirudisha ilivyokuwa kwa jioni moja. Rangi sikuigusa hata kwa kitambaa chenye mafuta. Chini ya ubao nimeandika nilichobadilisha, na tarehe, ili atakayekuja asidhani kwamba magurudumu yangu ni ya marehemu. Yale ya zamani, na kijiti cha kupokea umeme, na ile sumaku iliyochoka, nilivitia katika kopo nikampelekea dada yangu. Alilipokea bila kusema kitu, akaliweka kabatini pamoja na miwani ya baba yake.

Sijui kama tumeafikiana. Yeye anacho kile kilichoguswa, mimi ninacho kile kinachotembea, na hakuna kati yetu aliye na vyote viwili. Pengine urithi wowote huishia hivyo. Lakini kutokana na kazi hiyo nimepata kanuni tatu ambazo nazipima sasa katika mambo makubwa kuliko treni, kama vile desturi za arusi na matanga, ambazo kila kizazi huzipokea zikiwa na kutu mahali fulani. Kwanza, tenga kinachofanya kazi na kinachotoa ushahidi, kabla hujachukua nyundo. Pili, badilisha kwa namna inayoweza kurudishwa kila inapowezekana, kwa sababu wewe pia unaweza kukosea kuhusu ni kipi kilichokuwa muhimu. Tatu, andika ulichofanya, maana badiliko lililofichwa ni wizi hata kama ni zuri.

Kanuni hizo hazitoshi. Kuna mambo yasiyorudishika, na yako siku yatatulazimu tukereze. Mwanangu bado ana hamu ya sauti ndani ya injini, si chini ya ubao, nami sikumwekea wosia wa kumkataza. Ndani ya ile injini, nyuma ya tangi la kushoto, nimeacha nyaya mbili zilizokunjwa vizuri na kuzibwa ncha, zisizounganishwa na kitu. Akiamua kukata, atakata kwa mkono wake na kwa dhamira yake, na ataandika jina lake chini ya langu.